Ujumbe wa Watu Watatu kwa Kocha Stovall

Katika msimu mzima wa mechi kumi na nne, Elibariki Mbwambo alifanya kazi kwa muda usiofika dakika tatu. Aliyegundua hilo ni mke wake, Prudensia, jikoni, akiwa anakatakata vitunguu. Tangu mpira uondoke chini hadi uguswe na mguu wa mpigaji inapita sekunde moja na kidogo. Alizidisha kwa mikwaju yote ya mwaka, akapata dakika mbili na sekunde arobaini na kitu.

"Na bado unarudi umechoka," alisema.

Elibariki hakubisha. Alikuwa amechoka kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuwaeleza watu wa nyumbani. Mpira wa Wamarekani una umbo la yai, na mara nyingi unashikwa kwa mikono. Wanaume wakubwa waliovaa kofia ngumu wanasukumana mpaka wachoke. Mara chache wanapumzika kusukumana, ndipo anaingia mtu mmoja mwenye nguo safi, anaupiga mpira upite katikati ya milingoti miwili, kisha anarudi kukaa. Mtu huyo ni mmoja tu katika timu, wala hana wa akiba. Akikosa mara nyingi, anapigiwa simu mwingine. Baba yake Elibariki, kule Usangi, Upareni, alipoulizwa na majirani alisema mwanawe yuko ofisi ya michezo.

Aliianza kazi hii kwa uvivu, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Alifika Texas mwaka 1992 kusomea uhandisi wa maji katika chuo kimoja magharibi ya Fort Worth. Chuo kilimpa kibarua cha jioni, kuokota mipira nyuma ya milingoti wakati wa mazoezi na kuirudisha upande wa pili. Uwanja ulikuwa mrefu na jua la huko halina adabu. Badala ya kuibeba, aliipiga. Baada ya wiki moja kocha wa chuo aligundua kwamba mipira yote inarudi kwa kupita katikati ya milingoti, tena kutoka upande usio wake. Elibariki akapewa jezi. Alikuwa beki wa kushoto Usangi sekondari, na mikwaju yote ya adhabu ilikuwa yake, kwa hiyo hakuona ajabu.

Alipohitimu mwaka 1997, timu moja ya ligi kubwa ilimwita kambini. Alipewa kitabu kinene chenye michoro ya mbinu zote za timu. Yaliyomhusu mpigaji yalikuwa kurasa mbili. Elibariki alikisoma chote, penseli mkononi, kama anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili kijana wa ofisini aligonga mlango akasema, "Kocha anataka kukuona. Njoo na kitabu."

Elibariki alifurahi. Aliona kwamba hatimaye ataulizwa maswali. Alikwenda akiwa na yake pia, hasa kuhusu ukurasa wa mia na arobaini, ambao kwa maoni yake ulipingana na wa sitini na mbili. Kocha alikipokea kitabu, akampa mkono, akamtakia heri. Katika kazi hiyo ndivyo mtu anavyofukuzwa. Haambiwi nenda, anaambiwa njoo na kitabu.

Kwa miaka minne aliitwa kambi tano, akarudisha vitabu vitano. Kati ya kambi na kambi alifanya kazi katika ghala moja Grand Prairie, pamoja na Siméon, Mkongomani wa Uvira aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo. Timu huwaita wapigaji kwa majaribio siku ya Jumanne, kwa hiyo Elibariki hakukubali kamwe kupangiwa shifti ya Jumanne. Kwa miezi sita Siméon aliamini kuwa hiyo ndiyo siku ya ibada ya Walutheri, na alikuwa akimtetea kwa msimamizi kwa msingi huo.

Jioni alifanya mazoezi kwenye kiwanja nyuma ya kanisa la Garland, ambako Waswahili walikodi ukumbi kila Jumapili mchana. Prudensia ndiye aliyemshikia mpira. Mpira ule hausimami wenyewe; lazima mtu apige goti, ausimamishe kwa ncha, na kuuzuia kwa kidole kimoja juu mpaka mguu ufike. Prudensia alikuwa Mhaya wa Bukoba, aliyelelewa kupiga magoti anapowasalimia wakubwa. Alisema kupiga goti mbele ya mpira si tofauti sana, ila mpira hauitikii. Kwa sababu hauitikii, alizungumza na mume wake. Aliuliza kama amepiga simu nyumbani. Aliuliza ale nini. Mara nyingi Elibariki alijibu "maharage" huku mguu uko hewani, na mpira ukapita katikati. Hakuna kati yao aliyelitia hilo maanani.

Mapema mwaka 2002 timu moja ya Houston iitwayo Herons ilimwajiri. Herons walicheza ligi ndogo, ndani ya ukumbi, kwenye zulia la kijani, na milingoti yao ilikuwa imekaribiana kama miimo ya mlango wa duka. Prudensia alikuwa amemaliza uuguzi, akapata kazi katika hospitali moja ya katikati ya Houston. Walihamia Pearland na binti yao Joyceline, aliyekuwa na miaka mitatu. Zamu za hospitali hazikumwachia Prudensia muda wa kupiga goti. Kazi hiyo ikawa ya mtu anayelipwa, jina lake Guidry, mrushaji wa akiba wa Herons, mrefu, mwembamba, mzaliwa wa Beaumont.

Siku za mazoezi watu wa Herons walimsalimia kama kawaida. Siku ya mechi ya kwanza aliingia chumba cha kubadilishia nguo akasema habari za asubuhi. Watu wakageuza nyuso. Alidhani hawakusikia, akarudia. Mmoja akainuka akaenda chooni. Mechi ya pili ikawa vilevile. Mechi ya nne alikosa mkwaju mmoja, na aliporudi kwenye benchi wenzake walisogea, wakamwachia nafasi ya kutosha watu wanne. Kocha Stovall alipita mbele yake akiwa ameangalia saa ya ukutani.

Hakuwahi kuona jambo hilo mahali pengine. Chuoni wenzake walikuwa vijana waliompigia kelele kila mtu. Kambini hakuwahi kukaa mpaka siku ya mechi. Kwao Usangi, mtu akikupita bila salamu, kabla ya jua kuzama mama yako ameshasikia na ameshauliza kuna nini. Elibariki alijua maana moja tu ya kunyamaziwa na watu wazima arobaini kwa mara moja. Amewakosea.

Alianza kutafuta alichokosa. Alitafuta akiwa kwenye gari, akiwa bafuni, na kwa bahati mbaya akiwa anakimbilia mpira. Kufikia mechi ya sita alikuwa amekosa mikwaju mitano kati ya minane ya mwisho, lakini kosa lake alikuwa amelipata. Akamweleza Prudensia jikoni.

"Ni Guidry. Alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, anafunga viatu. Mimi nikamruka."

"Umemruka mtu mzima?"

"Nilikuwa na haraka."

"Na hukurudi."

"Tuliitwa uwanjani, Mama Joyce."

Prudensia akaweka kisu chini. Mtu akirukwa miguu, aliyemruka anatakiwa arudi amruke tena kwa kinyume, kulitengua. Watoto wanasema asiporudi, aliyerukwa hatarefuka. Guidry alikuwa na futi sita na inchi nne, na kwake hasara hiyo ilikuwa imepita, lakini dharau ni dharau.

"Baba Joyce," alisema Prudensia, "huyo ndiye anayekushikia mpira."

"Najua."

"Kati ya watu wote."

"Najua."

Ijumaa ile Kocha Stovall alimwita pembeni. Akiwa ameangalia ukuta alimwambia kwamba Jumanne atakuja kijana kutoka Lubbock. Kila mmoja atapiga mikwaju kumi, na atakayepitisha mingi zaidi atabaki. Elibariki alikuwa na miaka thelathini na moja. Timu zote zilizowahi kumjua zilikuwa zimeshachukua vitabu vyao. Akitoka hapa, hakukuwa na simu nyingine ya kungoja. Kulikuwa na ghala la Grand Prairie, na Jumanne kama siku nyingine yoyote.

Prudensia alimpigia simu Mzee Melkiori, Garland.

Mzee Melkiori alikuwa Mchagga wa Rombo, mwalimu mstaafu, ambaye sasa alikaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari uwanja wa ndege. Ugomvi wote wa Waswahili wa Garland ulipita kwake, wa ndoa, wa kwaya, na mmoja wa jokofu. Alimsikiliza Prudensia mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa ni la mguu," alisema.

"La kuruka miguu, Mzee."

"Na aliyerukwa ni wa ukoo gani?"

"Ni wa Beaumont."

Mzee alifikiri. "Siwafahamu. Basi tutapitia kwa mkubwa wake. Na huyo Mpare wako, kwa nini hajaleta shauri mapema? Mpare anajulikana kwa kesi, leo kaipata ya kwake anaificha?"

"Aliona aibu, Mzee."

"Nitafutie sale."

Sale ni mmea wenye majani marefu membamba, ambao Wachagga wanaupanda kwenye mipaka. Mtu akikukosea, kisha akakutumia jani lake, kwa desturi limefungwa fundo, huwezi kukataa kusamehe. Unaweza kukasirika, unaweza kudai mbuzi, lakini kukataa huwezi. Mzee alimwambia Prudensia kwamba Wamarekani wanao, wanauweka sebuleni kama pambo bila kujua wana nini ndani. Prudensia alikwenda duka la maua akaomba jani moja. Dada wa dukani alisema hawauzi jani. Akanunua mmea mzima na chungu chake.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Melkiori alivaa suti nyeusi. Siméon akasema ataendesha yeye.

"Papa Melkiori, wewe unaogopa autoroute. Utatufikisha Houston siku ya Noeli."

"Siogopi. Naheshimu."

"Basi heshimu ukiwa umekaa nyuma."

Garland hadi Pearland ni saa nne na nusu mtu akiheshimu kidogo. Walimkuta Prudensia amepika ndizi na nyama ya mbuzi, sahani kubwa ya bati imefunikwa kwa karatasi ya foili. Hao ndio waliokuwa wajumbe: Mzee, Siméon na Prudensia. Elibariki hakuhesabiwa. Mwenye kosa huenda, lakini hasemi.

Kocha Stovall alifungua mlango akiwa amevaa kaptura. Alimwona mzee mwenye suti nyeusi. Aliona sahani iliyofunikwa. Aliona mmea kwenye chungu. Uso wake ukabadilika, kwa sababu huko Texas vitu hivyo vitatu havigongi mlango pamoja ila kwa jambo moja.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Prudensia akatafsiri. Mzee alijua Kiingereza vizuri, lakini alikuwa amekataa kuzungumza jambo zito kwa lugha anayotumia kuwaambia watu wasogeze magari.

"Mwambie hakuna aliyekufa," alisema Mzee. "Mwambie tungependa iendelee hivyo."

Waliketi sebuleni. Mke wa Kocha, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikipokea chungu kwa mikono miwili, akakiweka dirishani, akakimwagilia maji kwa kikombe. Mzee Melkiori alimtazama mpaka alipomaliza.

"Limepokelewa," alimwambia Siméon kwa sauti ya chini.

"Tena limenyweshwa," alisema Siméon.

Mzee akasimama, akazungumza dakika sita. Alisema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Alieleza kijana huyu ametoka katika nyumba gani, baba yake ni mtu wa namna gani, na kwamba kuruka miguu ya mtu mzima ni jambo ambalo hata mbuzi wa Usangi anazunguka ili asilifanye. Alisema hawakuja kujitetea. Alisema wameleta sale, na aliyepokea sale anajua wajibu wake. Kisha akakaa.

Kocha akamgeukia Prudensia.

"Anasema samahani kwa ajili ya miguu," alisema Prudensia. "Na anasema mliopokea mmea huu hamwezi kukataa kusamehe."

Kocha aliutazama mmea. "Miguu ya nani?"

Ikabidi Prudensia aanze mwanzo. Aliposema kuwa Guidry amemnunia Elibariki, na timu nzima imemfuata, Kocha alitikisa kichwa.

"Guidry hajanuna. Guidry ndivyo alivyo. Na hatujamsusa mtu. Huyu ni mpigaji. Mpigaji hasemeshwi siku ya mechi. Hakuna timu inayomsemesha. Tunamwachia akili yake itulie. Akikosa ndiyo kabisa, hatumsogelei."

Elibariki, ambaye hakuruhusiwa kusema, aliangalia zulia. Aliyakumbuka yale majuma sita, ile nafasi ya watu wanne kwenye benchi, na yule mtu aliyeinuka kwenda chooni. Yote yalikuwa heshima.

"Muulize," alisema Mzee Melkiori, "wakimpenda mtu wanamnyamazia?"

"Anasema kama ni mpigaji, ndiyo."

"Na wakimchukia?"

Kocha alifikiri. "Vilevile," alisema. "Ila kwa muda mrefu zaidi."

Siméon, ambaye kazi yake katika ujumbe ilikuwa kuendesha gari, alishindwa kuvumilia. "Sasa huyu atajua namna gani kama banamupenda ao banamuchukia?"

Prudensia alitafsiri hata hilo.

"Mwambie," alisema Mzee, "kwetu aliyenyamaziwa anatafuta alichokosa. Mtu anayetafuta alichokosa anaangalia nyuma. Sijui mpira wenu, lakini sidhani unapigwa huku umeangalia nyuma."

Mke wa Kocha akaleta chai yenye barafu, ambayo Mzee aliishika bila kuinywa. Mwishoni Kocha alisema Jumanne iko palepale. Kijana wa Lubbock ameshakata tiketi. Mikwaju kumi kwa kumi, na atakayezidi abaki. Hilo haliondolewi na mmea wowote.

"Hatukuja kuliondoa," alisema Mzee. "Tunaomba kitu kimoja. Kabla hajapiga, asalimiwe."

"Aambiwe nini?"

Swali hilo liliwachukua muda mrefu kuliko kosa lenyewe. Mzee alitaka salamu kamili, pamoja na mifugo. Prudensia alisema mifugo hakuna. Siméon akapendekeza waulize habari za kazi, Mzee akasema ataulizwaje habari za kazi akiwa kazini. Mwishoni Prudensia aliandika kwa Kiingereza kwenye karatasi: Umeamkaje. Mama Joyce hajambo. Mtoto hajambo. Nyumbani Usangi wanasemaje. Kocha aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa kaptura. Kisha wakala ndizi.

Jumanne asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu. Alikuwapo Kocha, alikuwapo Guidry, mtu wa kurusha mpira nyuma, na kijana wa Lubbock, aliyekuwa na shingo nene na tabia nzuri. Kijana alianza. Alipiga kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetumbukiza barua kwenye sanduku la posta. Tisa kati ya kumi. Ule wa kumi uligonga mlingoti, na hata huo ulifikiria kuingia.

Elibariki alimwendea Guidry. Kwa kuwa sasa hapakuwa na wajumbe, ilibidi aseme mwenyewe. Alimwomba akae chini na kunyoosha miguu. Guidry alimtazama Kocha. Kocha aliinua mabega. Guidry akakaa, akanyoosha miguu yake mirefu juu ya zulia la kijani, na Elibariki akairuka, kinyumenyume, kwa uangalifu mkubwa, kisha akamshukuru. Guidry alitoa kwenye soksi ile karatasi aliyopewa na Kocha, akapiga goti.

"Umeamkaje?" alisoma.

"Salama," alisema Elibariki. Mpira ukarushwa, akaupiga. Ukapita.

"Mama Joyce hajambo?"

"Hajambo. Yuko zamu ya mchana." Huu wa pili alikosa. Sauti ya Guidry ilikuwa ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa, na Elibariki alikuwa bado hajachangamka.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila amekataa uji." Ukapita.

"Nyumbani..." Guidry aliisogeza karatasi karibu na macho. "Nyumbani Usangi wanasemaje?"

"Mvua imewahi." Ukapita.

Karatasi ikawa imekwisha, na mikwaju ilikuwa bado sita. Guidry aliigeuza nyuma, haikuwa na kitu. Akaanza tena juu, umeamkaje, lakini Elibariki hakuweza kuvumilia. Salamu si ya upande mmoja. Mtu akiulizwa hali mara nne bila kurudisha, ameshakuwa na kiburi.

"Na kwenu?" aliuliza. "Mama yako hajambo?"

Guidry alikaa na kidole kikielea mahali ambapo mpira ulikuwa bado haujafika.

"Ameanguka," alisema. "Kwenye ngazi za nyuma. Nyonga. Yuko hospitali Beaumont wiki ya tatu."

"Pole sana."

"Asante."

Mpira ukarushwa, ukapita. Wa sita ukapita pia, huku Guidry akieleza kwamba dada yake ndiye anayelala naye hospitali. Kabla ya wa saba hakukupigwa kitu kwa dakika kadhaa. Elibariki alikuwa amechuchumaa, anaeleza kwamba mke wake ni muuguzi, na kwamba mtu aliyevunjika nyonga asiachwe kitandani muda mrefu, waulize ataanza lini kusimamishwa. Kocha aliangalia saa. Kijana wa Lubbock alikaa chini. Mtu wa kurusha mpira, aliyekuwa ameinama muda wote huo, aliomba kwa adabu kujua kama anaweza kunyooka.

Wa saba, wa nane, wa tisa na wa kumi ilipita yote. Baadaye Elibariki hakuweza kukumbuka hata mmoja. Alikumbuka kwamba mama yake Guidry anaitwa Earline na hapendi supu ya hospitali.

Tisa kwa tisa. Kocha Stovall alisimama katikati ya zulia akiwa na mikono kiunoni. Kanuni aliyoiweka ilikuwa haimsaidii, kwa kuwa hakuna aliyezidi. Kijana wa Lubbock alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mguu wake ulikuwa na nguvu zaidi. Hilo Elibariki alikuwa ameliona mwenyewe, kwa macho yake, na hakujidanganya. Alianza kufikiria kitabu kiko wapi. Kiko kwenye gari, chini ya kiti cha Joyceline.

Kisha Kocha akafanya jambo ambalo katika kazi hiyo halifanywi. Alimuuliza mshika mpira.

"Unamtaka nani?"

Guidry aliikunja karatasi akairudisha kwenye soksi. "Huyu," alisema. "Hajamaliza kunieleza habari za nyonga."

Elibariki akabaki. Alibaki misimu mingine minne. Hakuwa mpigaji bora wa ligi. Katika timu kumi alikuwa wa nne, mwaka mmoja wa tatu. Karatasi ya salamu ilibandikwa ukutani chumba cha kubadilishia nguo, na siku ya mechi kila aliyempita aliuliza swali mojawapo, wengine kwa moyo, wengine kwa sababu ilikuwa ukutani. Mama yake Guidry alisimama mwezi wa saba. Alikuja kwenye mechi moja na fimbo yake, akamuuliza Elibariki kama mtoto amekubali uji.

Agosti mwaka 2006, Jumamosi saa nne asubuhi, mlango wa Pearland uligongwa. Elibariki alifungua. Kocha Stovall alikuwa amevaa suti. Mkono mmoja alishika sahani iliyofunikwa kwa foili. Mwingine ulikumbatia chungu, na ndani yake lilikuwamo sale lilelile, limerefuka mpaka linamgusa sikio.

"Nani amekufa?" aliuliza Elibariki.

"Hakuna," alisema Kocha.

Alikaribishwa akakaa. Hakuanza na lililomleta. Aliuliza Elibariki ameamkaje. Aliuliza kama Prudensia hajambo, na Prudensia akajibu mwenyewe kutoka jikoni. Aliuliza habari za mtoto, na Joyceline, sasa wa miaka saba, akasema kutoka ngazini kwa Kiingereza kwamba yuko poa. Aliuliza Usangi wanasemaje. Elibariki alijibu yote, moja moja, bila haraka, kwa kuwa alijua yakiisha kitafuata nini, na alimwona Kocha naye hana haraka.

Yakaisha. Kocha aliangalia mikono yake, akasema mguu wa miaka thelathini na mitano ni mguu wa miaka thelathini na mitano. Akasema yule kijana wa Lubbock yuko huru mwaka huu.

"Ana mguu mzuri," alisema Elibariki.

"Anao."

Prudensia alikuwa ameshasimama mlangoni mwa jikoni na kikombe cha maji mkononi. Alimtazama mume wake. Kisha akaenda kwenye chungu, akakimwagilia.

Elibariki akainuka. "Ngoja nikuletee kitabu," alisema.

"Kaa nacho," alisema Kocha.

Kilikuwa cha sita, na cha kwanza kubaki. Sahani ilikuwa na viazi vya kuokwa na jibini, na waliila pamoja, ingawa Prudensia aliongeza pilipili.

Jioni Elibariki alimpigia simu Mzee Melkiori kumweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akauliza, "Sale lilikuwa limefungwa fundo?"

"Lilikuwa kwenye chungu, Mzee."

"Na mmelipokea?"

"Mama Joyce alilimwagilia kabla sijasema kitu."

"Basi," alisema Mzee Melkiori. "Na hao wa Beaumont, hawajambo?"